Ukistaafu, makato ya SHA hukoma lakini ada haikomi
(Maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa wastaafu, Matiliku)



Ulipokuwa kazini, mwajiri alikukata asilimia 2.75 ya mshahara. Mwenye shilingi 60,000 alitoa 1,650 kila mwezi bila hata kukumbuka. Ukistaafu, hakuna wa kukukatia. Na pensheni ya kwanza huweza kuchelewa miezi.

Hapo ndipo watu hunaswa. Mtu anafika Hospitali ya Matiliku, anatakiwa kulazwa, kumbe malipo yalikoma na mshahara wa mwisho.

Usingoje pensheni, basi. Piga *147#, ujibu maswali kuhusu mapato ya nyumba yako. Majibu hayo ndiyo hupanga ada. Haipungui shilingi 300 kwa mwezi, na hutozwa ya mwaka mzima: 3,600 kwenda juu. Najua, tulizoea MakueniCare, shilingi 500 kwa boma kwa mwaka. Hii si hiyo.

Ukipata kiinua mgongo, tenga hizo kabla ya mabati.

Zahanati na vituo vya afya havitozi aliyejisajili. Kulazwa ndiko kunakodai uwe umelipa.

Haya, nani ana swali?