Mshahara wa Kasisi Watoka Wapi?



Katika mitaa yetu ya Pumwani, Bahati, Kaloleni na Makadara husemwa mara nyingi kwamba sadaka ya Jumapili huingia moja kwa moja mfukoni mwa kasisi. Yafaa tulichungue neno hilo, kwa maana katika makanisa mengi sivyo ilivyo.

Kanisa la Anglikana lina desturi iitwayo kwota. Sadaka huhesabiwa na wazee wa kanisa, huandikwa kitabuni, kisha fungu lililowekwa hupelekwa kwa dayosisi, na dayosisi ndiyo imlipayo kasisi. Faida yake ni kubwa. Kasisi wa mtaa wa maskini hafi njaa kwa sababu Wakristo wake ni vibarua, wala tajiri mmoja hawezi kumwambia, "Mimi ndiye nikulishaye, basi usinikemee." Lakini kwota ikichelewa, mshahara nao huchelewa, na karo ya watoto wa kasisi haingoji.

Padre wa Katoliki, asiye na mke wala watoto, hukaa katika nyumba ya parokia na kutunzwa humo, tena hupokea sadaka ya misa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema kwamba hata akisoma misa mbili au tatu kwa siku moja, sadaka awezayo kubaki nayo ni ya misa moja tu, isipokuwa siku ya Krismasi. Wengi hawalijui jambo hili, nao humsingizia bure.

Zamani fedha nyingi zilitoka ng'ambo. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisema huko Milwaukee, Marekani, kwamba kuletwa kwa wamisionari na fedha kusimamishwe kwa muda, ili makanisa yetu yajitegemee. Wako waliomwona mkaidi. Mimi naona alisema kweli, ingawa mzigo ulituangukia sisi.

Uzito wa mzigo huo ulionekana Machi 2020, makanisa yalipofungwa kwa ajili ya korona. Pasipo ibada, kapu la sadaka halikuzunguka. Hata yalipofunguliwa Julai, waliruhusiwa watu 100 tu, kwa muda wa saa moja. Wengine walituma sadaka kwa M-Pesa. Lakini aliyepoteza kazi angetuma nini? Pasta wa kanisa dogo la mabati, asiye na dayosisi nyuma yake, ndiye aliyeumia kwanza.

Hesabu za parokia husomwa katika mkutano wa kila mwaka. Aliye na shaka aende huko, aulize mbele ya watu kama fungu la kasisi limepelekwa, na lini.