Jalada kama Sehemu ya Matini: Mfano wa Wakonstruktivisti wa Urusi

Wachambuzi wengi wa matini huanza kazi pale neno la kwanza linapoanza. Jalada huachiwa mchapishaji, kana kwamba ni vazi tu la kitabu. Mtazamo huo ulipingwa katika miaka ya 1920 na wasanii wa Urusi walioitwa Wakonstruktivisti. Kwao msanii hakuwa mpambaji bali mjenzi. Alijenga kwa herufi nene zisizo na nakshi, mistari minyoofu, maumbo ya jiometri na rangi chache, hasa nyeusi na nyekundu.

Wakati huo kusoma kulikuwa suala la taifa zima. Amri ya serikali ya Desemba 1919 iliwataka wananchi wote wa umri wa miaka 8 hadi 50 wasiojua kusoma wajifunze. Jalada, basi, lilipaswa kusema hata na jicho lililokuwa bado linajifunza herufi. Mwaka 1923, Aleksandr Rodchenko aliweka kwenye jalada la shairi refu la Vladimir Mayakovsky, *Pro eto*, picha ya uso wa Lilya Brik, mpenzi wa mshairi, akimkazia macho msomaji.

Mwaka uo huo, mjini Berlin, El Lissitzky alisanifu *Dlia golosa*, yaani ‘Kwa ajili ya sauti’, mkusanyo wa mashairi 13 ya Mayakovsky. Ukingo wa kulia wa kurasa ulikatwa vidato, mfano wa daftari la anwani, ili msomaji aliyesimama mbele ya hadhira afungue shairi alitakalo bila kupekua. Kwa maelezo ya Lissitzky, mpanga chapa alikuwa Mjerumani asiyejua Kirusi, akafuata mchoro aliotayarishiwa kwa kila ukurasa. Kazi ilipoendelea, wenzake kiwandani waliomba wafasiriwe mashairi yale. Umbo liliwavuta kuelekea maana.

Mashairi hayo yanapochapwa katika diwani ya kawaida, maneno husalia yote, lakini vidato hutoweka, na pamoja navyo ushahidi kwamba kitabu kiliundwa kwa ajili ya mghani. Hasara hiyo inawahusu pia wahariri wa tenzi za Kiswahili, ambazo nazo hughaniwa. Anayeuhamisha utenzi kutoka muswada hadi kitabu hana budi kujiuliza ni nini kilichobebwa na umbo la ukurasa, kabla hajalifuta.