Tela la Kubebea Kijiko

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya ukandarasi mdogo. Nimechagua jambo moja tu, kwa sababu kila mwaka vijana waliomaliza hapa hunijia na swali lile lile. Wameungana watatu au wanne, wamepata mkopo, wananunua mtambo mdogo wa kuchimba, huu tunaouita kijiko. Pikapu wanayo. Wanauliza: tununue tela gani la kuubebea? Mara nyingi wameshachagua, na wamechagua kwa bei.

Ndugu zangu, tela halichaguliwi kwa bei, wala kwa unene wa chuma chake. Huchaguliwa kwa hesabu ya kujumlisha na kutoa, ambayo kijana wa Kidato cha Kwanza anaiweza. Anayekosea hesabu hii hapotezi maksi. Huenda akapoteza mtambo kabla deni halijalipwa, au akaua mtu aliyekuwa akipita zake.

Kwanza, sheria. Tangu tarehe 1 Machi 2019 Tanzania inatumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Magari yenye uzito wa kilo 3,500 na zaidi hupaswa kupita mizani. Sheria inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari zima na mzigo wake. Kijana akisikia tani 56 hucheka. Anasema, "Mimi na kijiko changu cha tani moja na nusu nitaogopa nini?" Hapo ndipo anapopotea. Vikomo hivyo viliwekwa kwa ajili ya malori, ili barabara zisiharibike. Pikapu na tela dogo hufikia kikomo kingine mapema zaidi, nacho ni kile alichoandika mtengenezaji kwenye kibao cha gari na kibao cha tela.

Tufanye hesabu. Tuseme kitabu cha kijiko kinaandika uzito wa kazi kilo 1,700. Uzito huo kwa kawaida huhesabu tangi lililojaa na dereva wa kilo 75. Dereva hasafiri juu ya kijiko, kwa hiyo mtoe: inabaki 1,625. Sasa ongeza vitu ambavyo muuzaji hakuvitaja. Ndoo mbili za ziada, kilo 80. Nyundo ya kuvunjia mawe, 120. Minyororo na vifaa, 45. Madumu mawili ya dizeli, 35. Jumla ni kilo 1,905. Huo ndio mzigo wenu.

Pikapu yenu, tuseme, inaruhusiwa kuvuta tela lenye breki la kilo 3,000. Mnaletewa matela matatu.

La kwanza lina ekseli moja, lina kilo 450 likiwa tupu, na kikomo chake likiwa na mzigo ni 2,000. Toa: linabeba 1,550. Halifai, hata likitolewa bure.

La pili lina ekseli mbili, kilo 600 likiwa tupu, kikomo 2,700. Linabeba 2,100. Mzigo unaingia, na zinabaki kilo 195.

La tatu ni zito na imara, kilo 1,100 likiwa tupu, kikomo 3,500. Linabeba 2,400. Wengi wangelichukua hili kwa kusema kwamba kikubwa hakishindwi. Lakini jumlisha: 1,100 na 1,905 ni 3,005. Pikapu haina ruhusa ya kulivuta! Uzito wa tela lenyewe umekula nafasi ya mzigo.

Basi ni la pili. Lakini hesabu haijaisha. Gari lina kikomo cha uzito wake pamoja na tela. Tuseme ni kilo 5,300. Tela na mzigo ni 2,505, hivyo pikapu isizidi 2,795. Ikiwa tupu ina 2,100, zinabaki 695. Watu watano ndani ya kabini, kwa kilo 75 kila mmoja, ni 375. Zinabaki 320. Mifuko sita ya saruji ya kilo 50 inaingia. Wa saba unavunja masharti. Mfuko mmoja tu!

Angalieni na matairi. Tairi lina namba ya uwezo ubavuni. Namba 91 maana yake ni kilo 615, na namba 100 ni kilo 800. Ukifunga matairi manne ya 91, yaliyotoka kwenye gari dogo, yanabeba kilo 2,460 tu, haidhuru kibao kinasema 2,700. Katika mnyororo huu wote, pete iliyo dhaifu ndiyo kikomo chako.

Sasa breki. Pikapu nyingi zinaruhusiwa kuvuta kilo 750 tu ikiwa tela halina breki zake. Vijana wa fizikia, fikirieni mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10. Tela la kilo 2,505 linaisukuma pikapu kwa nguvu ya uzito wa kilo 250 hivi, tangu juu hadi chini. Aliyepita Kitonga kule Iringa anajua maana yake. Na mwendo ukiongezeka kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nishati inayotakiwa kuzimwa na breki haiongezeki mara mbili; huongezeka mara nne.

Somo la momenti pia si la mtihani peke yake. Mzigo ukikaa nyuma mno, shingo ya tela huinuka, na tela huanza kuyumba mkia hadi kuligeuza gari. Shingo na iegemee gari kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote wa tela. Kwa tela letu ni kilo 125 hadi 250, mradi isizidi kikomo cha ndoano ya gari. Pimeni kwa mizani ya magunia, tela likiwa limelala sawa. Kisha wekeni alama ya rangi sakafuni pale minyororo ya kijiko inapotakiwa kusimama.

Mwisho, matela yanayochomelewa mitaani. Siwadharau mafundi wetu. Wengi wana mikono ya dhahabu. Lakini tela lisilo na kibao halina kikomo kinachojulikana. Mwulizeni fundi ekseli imetengenezwa kubeba kilo ngapi, na breki ziko wapi. Akikosa jibu, msimpe fedha. Akiwa na jibu, lipelekeni tela tupu kwenye mizani ya wanunuzi wa mazao, mlipime wenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, shule hii ilitufundisha kuonyesha njia ya hesabu, si jibu peke yake. Nawaomba vijana wafanye hivyo kabla ya kulipa: waandike namba zote kwenye karatasi moja, waibandike ndani ya gari, na dereva apewe haki ya kuukataa ule mfuko wa saba, hata kama anayeupakia ni tajiri wake.