Petro Katika Nyumba ya Farao

Jioni hii nataka mfuatane nami mpaka Misri, jangwani kusini ya Aswan, ambako nilijaliwa kufika pamoja na wenzangu. Sitawapeleka kwenye piramidi. Hizo mmezisikia mara nyingi.

Mahali penyewe huitwa Wadi es-Sebua, yaani Bonde la Simba, kwa sababu ya simba wa mawe wenye vichwa vya watu waliopangwa njiani pa kuingilia. Upande mmoja ni ziwa lililotokana na bwawa la Aswan, upande wa pili mchanga mtupu. Hata hekalu lenyewe halipo pale lilipojengwa kwanza. Katika miaka ya 1960 lilihamishwa mwendo wa kilometa nne hivi lisimezwe na maji. Wanubi wenye nchi walihamishwa pia, lakini vijiji vyao vilizama.

Aliyeamuru hekalu lijengwe ni Farao Ramesses wa Pili, yapata miaka 3,200 iliyopita. Jiwe moja lenye maandiko lililopatikana hapo laeleza kwamba katika mwaka wa 44 wa enzi yake, liwali wake Setau aliagizwa kuteka watu wa Libya waje kujenga. Ninyi mnaojua habari za Waisraeli na matofali hamtashangaa. Jina la Farao limechongwa kila upande, tena kwa kina kirefu. Nilimwuliza mwongozaji wetu majina ya wale mateka yako wapi. Alicheka tu.

Chumba cha ndani kabisa kimechimbwa mwambani. Humo palikuwa na sanamu za miungu, na Farao mwenyewe alikuwa mmoja wao! Basi Ukristo ulipoingia Nubia katika karne ya 6, hekalu likaja kufanywa kanisa. Wakristo walizifunika picha za kale kwa plasta ya chokaa, na mahali pa miungu wakamchora Mtume Petro ameshika ufunguo. Baadaye plasta ya kandokando ikabanduka. Farao akatokea tena kushoto na kuume, ameshika maua aliyokuwa akiwatolea miungu yake. Sasa ukitazama, utadhani anampa Petro.

Mwenzetu mmoja akapaza sauti, "Haleluya, Farao ameokoka!" Tukacheka sana. Mimi nami nilicheka, kisha kicheko kikaniisha.

Maana nyumbani tulikuwa tukijenga kanisa la mawe kwa harambee. Akina mama walichota maji mtoni miezi mingi, wakayabeba mgongoni, ili fundi apate kukoroga saruji. Ilipofika siku ya kuandika jiwe la msingi, nilitaka jina langu liwe chini ya jina la Askofu, kwa herufi kubwa kama zake. Mzee wetu mtunza hazina alipinga. Nilimjibu maneno makali mbele ya baraza zima, na kwa kuwa mimi ndimi pasta, neno langu likapita. Fundi akachonga.

Nikasimama mbele ya ukuta ule, watu wakitoka nje kupiga picha. Juu Petro, chini Farao, na katikati plasta nyembamba kama ukucha. Na Petro huyo ndiye aliyewaandikia Wakristo kwamba wao wenyewe ni mawe yaliyo hai (1 Petro 2:5). Nimelihubiri andiko hilo si mara moja.

Niliporudi, kabla ya kufungua mizigo, nilikwenda kwa yule mzee. Nilimkuta akikama ng'ombe. Nikasema, "Mzee, nilikukosea, nisamehe. Jina langu na lifutwe." Hakujibu mara moja. Alimaliza kukama, akanitilia kikombe cha maziwa, akangoja ninywe.

"Pasta," akasema, "nimekusamehe. Lakini fundi atataka malipo ya kulisawazisha jiwe, na fedha za akina mama sitazigusa."

Nililipa mimi.