Kodi na Akiba ya Masomo

Nchini Msumbiji, gharama ya kumsomesha mtoto inaguswa na sheria tatu ambazo mzazi wa Mocímboa da Praia anapaswa kuzijua kabla ya kupanga akiba.

Ya kwanza ni Sheria Na. 18/2018 ya mfumo wa elimu. Iliyafanya masomo ya darasa la 1 hadi la 9 kuwa ya lazima na ya bure katika shule za umma. Hata hivyo, sare, madaftari na nauli hubaki juu ya familia.

Ya pili inahusu kodi ya ongezeko la thamani, yaani IVA. Sheria Na. 22/2022 ilishusha kiwango cha kawaida kutoka asilimia 17 hadi 16 kuanzia Januari 2023. Lakini huduma za elimu za shule binafsi, zilizokuwa na msamaha, ziliwekewa asilimia 5. Ada ya meticais 4,000 ikitozwa kodi hiyo huongezeka meticais 200, hivyo mzazi hulipa 4,200.

Ya tatu ni kodi ya mapato ya mtu binafsi, IRPS. Sheria Na. 20/2013 iliweka kima kisichotozwa kodi cha meticais 225,000 kwa mwaka, na makato ya mshahara hupungua kadiri wategemezi wanavyoongezeka.

Kwa hiyo mwajiriwa ahakikishe watoto wake wameandikwa kwa mwajiri, na anayelenga shule binafsi ajumlishe kodi katika akiba yake tangu mwanzo.