Kugeuka na Kugeuza: Istilahi za Kiswahili katika Biolojia ya Okidi za Tiba



Mhadhara huu unahusu istilahi mbili zinazohitajika katika kufundisha biolojia ya okidi za tiba kwa Kiswahili. Hoja yangu ni kwamba istilahi ibuniwe kutokana na tukio linalotajwa, si kutokana na umbo la neno la Kiingereza.

Tuanze na "mgeuzo wa bakteria". Kiunganifu -a hakituelezi iwapo bakteria ni mtenda au mtendwa. Mwaka 1928 Frederick Griffith alionyesha kwamba bakteria wa nimonia wasiodhuru huweza kuwa hatari wakichanganywa na bakteria hatari waliokwisha kuuawa. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake walibainisha kwamba kisababishi ni DNA. Hapo bakteria amegeuka. Lakini Agrobacterium huingiza kipande cha DNA yake katika seli za mmea, na wataalamu humtumia kupandikiza jeni katika okidi za jenasi Dendrobium. Hapo bakteria amegeuza, okidi imegeuzwa. Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili. Unyambulishaji wetu unatupa "mgeuko wa bakteria" na "ugeuzaji kwa njia ya bakteria".

Istilahi ya pili ni "metaboliti za upili". Mwaka 1891 Albrecht Kossel alizitenga kemikali hizi kwa kuwa hazipatikani katika kila seli hai. Msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, huweza kudhani kwamba "upili" ni daraja la chini. Sivyo. Kiazi cha Orchis militaris, okidi ya Ulaya, kikishambuliwa na kuvu hutengeneza orkinoli, kemikali inayozuia kuvu hiyo isienee. Dendrobium nobile, itumiwayo katika tiba ya jadi ya Uchina, ina alkaloidi iitwayo dendrobini. Wala si metaboliti zote za upili zilizo silaha: nyingine ni rangi na harufu zinazovutia wachavushaji. Kwa hiyo "upili" libaki kuwa jina la kundi zima, likifuatana na fasili yake, na "kemikali za kujikinga" litengwe kwa zile zenye kazi hiyo.

Mwanafunzi asiyeweza kusema nani amegeuka na nani amegeuzwa hajafundishwa sayansi, amekaririshwa maneno. Kiswahili kina nyenzo za kumwepusha na hali hiyo. Wajibu wetu ni kuzitumia.