Nguruwe Aliyepewa Jina

Leo tumzungumzie mnyama ambaye wengi wetu hapa Nyeri, Karatina hadi Nanyuki, tunamfuga na kumuuza, lakini tunaona haya kukiri kwamba tunampenda. Nguruwe.

Unajua jinsi mambo yanavyoanza. Nguruwe jike anabeba mimba kwa siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, kisha anazaa watoto kumi au zaidi. Kila mmoja hushika chuchu yake tangu siku za kwanza na haiachi. Aliye mdogo kuliko wenzake husukumwa mpaka akakosa. Na baridi ya Othaya mwezi wa Julai haina huruma: nguruwe aliyezaliwa leo anahitaji joto la nyuzi 30 na zaidi. Basi binti yako anamtia ndani ya sweta, anamweka katika katoni karibu na jiko, anampa maziwa kwa chupa. Wiki ya pili tayari ana jina. Mwezi wa pili anamsindikiza binti mpaka langoni akienda shule, na jioni anazijua hatua zake kabla hujazisikia wewe.

Usicheke. Nguruwe hujifunza jina lake na huwatambua watu mmoja mmoja. Nimemwona mzee mmoja, mkali hata wajukuu wanamkwepa, akimkuna nguruwe tumboni mpaka mnyama akalala chali.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Daktari, huyu hatatuletea magonjwa?" Jibu langu huwashangaza watu. Ugonjwa mkubwa kuliko yote katika jambo hili, nguruwe huupata kwa binadamu.

Sikiliza vizuri hapa. Mnyoo wa tegu anaishi ndani ya utumbo wa mtu. Mayai yake hutoka na choo kikubwa. Nguruwe akila kinyesi hicho, au majani yaliyochafuliwa nacho, mayai huanguka ndani yake na kuwa vifuko vidogo katika nyama. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, anapata tegu tumboni. Lakini mtu akimeza mayai yenyewe, kwa mikono isiyonawiwa au mboga mbichi, yanamfanyia kama yanavyomfanyia nguruwe: vifuko huota mwilini, hata katika ubongo. Hapo ndipo kifafa kinapoanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo ambako tegu ameenea, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa huenda walikipata kwa njia hii.

Ndugu zangu Waislamu na Waadventista, msizime redio. Mwaka 1992 madaktari waliandika juu ya wagonjwa wanne wa New York kutoka jamii ya Wayahudi wanaoshika sana dini, watu wasioigusa nyama ya nguruwe kabisa, nao walikuwa na vifuko vya tegu ubongoni. Walioshukiwa kuwaletea mayai ni watumishi wa nyumbani waliotoka nchi ambako tegu ni wa kawaida. Hakukuwa na nguruwe hata mmoja katika habari ile. Kulikuwa na mikono.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika boma moja upande wa Mukurwe-ini. Mtoto wa miaka kumi alikuwa ameanza kuanguka na kutetemeka. Alikuwa na nguruwe wake, aliyemlea kwa chupa, na majirani walishakata kesi: ni yule mnyama. Nguruwe akauzwa wiki hiyo hiyo. Mtoto akaendelea kuanguka, na sasa akawa pia hali wala haongei. Tulipompeleka hospitali, picha ya kichwa ikaonyesha vifuko. Tukawapima choo wote wa pale nyumbani. Aliyekuwa na tegu ni mjomba wake, kijana mpole, mpenzi wa nyama ya nguruwe ya kuchoma iliyo nyekundu katikati, na ndiye aliyepikia familia wakati mama akiwa sokoni. Nguruwe wa mtoto hakuwa ameliwa na mtu wakati ugonjwa ulipoanza.

Mama aliniuliza, "Kwa hiyo tulimuuza bure?" Sikuwa na la kumjibu.

Wengi wetu huku mlimani tunafungia nguruwe bandani, na hiyo ni kinga kubwa. Shida ni kwamba nguruwe kipenzi ndiye anayeachwa azunguke. Anaingia jikoni, anapita nyuma ya choo, anafukua kule watoto wadogo wanakojisaidia. Kwa hiyo ukimpenda, anza na choo: kiwe na mlango unaofungwa, na kila mtu wa boma akitumie, hata mtoto wa miaka mitatu. Mjengee banda lenye sakafu kavu na nyasi za kulalia. Mtembelee humo, mkune, zungumza naye, kisha nawa kwa sabuni. Kama una kidonda mkononi, kifunike kwanza. Ukiona upele ngozini mwake, mwite daktari wa mifugo, maana upele huo unaweza kukuwasha hata wewe. Na ukiwa na mafua, mpumzishe. Homa ya mafua huruka kutoka kwa mtu kwenda kwa nguruwe, na pia kurudi, kama dunia ilivyojifunza mwaka 2009. Nyama nunua iliyopigwa muhuri na mkaguzi, uipike mpaka wekundu uishe.

Mtu akianguka kifafa, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Haambukizi. Na tafadhali usiende dukani kununua dawa ya tegu kwa mtu mwenye kifafa: dawa ile ikiua vifuko ubongoni bila uangalizi, ubongo huvimba na hali huwa mbaya zaidi. Hospitali kwanza.

Kuna homa moja isiyomgusa binadamu lakini itakuvunja moyo. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza hapa Kenya, na Montgomery, mwaka 1921. Ngiri huibeba bila kuugua, na kupe laini huieneza. Nguruwe wa nyumbani akiipata, mara nyingi hufa kwa siku chache, na dawa haipo. Ninyi wa Kieni na Laikipia, mlioko karibu na wanyama wa pori, jengeni ua imara. Makombo ya hoteli yachemsheni kabla ya kumpa.

Limebaki moja, nalo hatulisemi. Wengi wetu hatuna uwezo wa kumlisha nguruwe wa kilo mia mbili kwa sababu ya mapenzi tu. Siku ya lori itafika. Usimwambie mtoto kwamba nguruwe ametoroka. Atamtafuta kwenye majani chai mpaka giza. Mwambie mapema, kabla hajampa jina. Mwache aage, mwache alie, na usimwekee nyama mezani jioni hiyo. Mtoto asiyelala wala kula wiki mbili baada ya hapo anahitaji kusikilizwa, si kuchapwa.

Yule mtoto wa Mukurwe-ini alitumia dawa za kifafa kwa muda mrefu, na kuanguka kukakoma. Mjomba alitibiwa, choo kikatiwa mlango. Nilipopita tena kulikuwa na banda jipya, na ndani nguruwe mdogo mwenye doa jeusi sikioni. Nikamuuliza mtoto anaitwa nani. Akanitajia jina la yule wa kwanza.